Ugeuzaji wa shamba la mifugo kuwa la kilimo hai

Ugeuzaji wa shamba la mifugo kuwa la kilimo hai ni kipindi cha mpito ambacho mfugaji anaacha mbolea za viwandani na dawa za kuua magugu, akikaguliwa hadi apate cheti. Makala hii inahusu hasa ng'ombe wa nyama na kondoo nchini Eire, mwanachama wa Umoja wa Ulaya.

Muda

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2018/848 inatumika tangu tarehe 1 Januari 2022. Malisho yanahitaji miaka 2 ya mpito na kondoo miezi 6. Ng'ombe wa nyama wanahitaji miezi 12, tena isiyopungua robo tatu ya maisha yao. Kwa hiyo dume aliyeanza mpito akiwa na miezi 12 angepaswa kufikisha miezi 48 kabla ya kuuzwa kama nyama ya kilimo hai. Ardhi na mifugo vikigeuzwa kwa pamoja, muda ni miezi 24.

Malisho

Badala ya mbolea ya viwandani, wafugaji hupanda klova pamoja na nyasi. Bakteria walio katika mizizi yake hunasa nitrojeni ya hewani. Nitrojeni itokayo katika samadi haipaswi kuzidi kilo 170 kwa hektari kwa mwaka.

Afya na mabanda

Chanjo zinaruhusiwa, lakini dawa za minyoo hazitolewi kama kinga ya kawaida. Njia mojawapo ni kupishanisha ng'ombe na kondoo malishoni, kwa kuwa minyoo mingi ya kondoo haistawi ndani ya ng'ombe. Hata hivyo mnyama mgonjwa lazima atibiwe, hata kwa viuavijasumu; baadaye muda wa kusubiri kabla ya kumchinja huwa maradufu.

Angalau nusu ya sakafu ya banda iwe isiyo na matundu, na mifugo walazwe juu ya matandiko makavu, kama vile majani ya ngano.

Mapato

Wakati wa mpito mfugaji hufuata masharti yote, lakini huuza kwa bei ya kawaida. Ndiyo sababu serikali ya Eire hulipa ruzuku kwa kila hektari, ikilenga asilimia 10 ya ardhi ya kilimo kufikia mwaka 2030. Hata baada ya cheti, ndama akiuzwa kwa mnunuzi asiye na cheti hupoteza hadhi yake, na faida ya bei hupotea pia. Kwa hiyo inafaa mfugaji atafute soko kabla ya kuanza.