Kondo Mwenye Bunduki ya Serikali

Jeshi la Uganda lilipotwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, moja ya sababu 18 lilizozitangaza redioni ilikuwa kuzidi kwa makondo, yaani wanyang'anyi wenye silaha. Mwaka huo huo askari walipewa kwa amri ya Idi Amin mamlaka ya kukamata raia. Mwaka 1972 wakaruhusiwa kumpiga risasi yeyote aliyeshukiwa kuwa kondo. Polisi na mahakama wakawekwa kando.

Tangu hapo raia hakuweza kumtambua kondo na askari, kwani aliyebisha mlango usiku mara nyingi alibeba bunduki ya serikali. Waasia walipofukuzwa mwaka 1972, maduka yao mengi yakaangukia mikononi mwa wanajeshi.

Oktoba 1978 jeshi hilo liliivamia Tanzania, kaskazini ya mto Kagera, likaua wanavijiji na kuswaga ng'ombe wao. Lakini lilipokabiliwa na jeshi lenye nidhamu, lilivunjika. Kampala ikakombolewa tarehe 11 Aprili 1979.

Kinachomtenga askari na jambazi ni utii wake kwa sheria. Utii huo ukiondoka, sare hubaki vazi la mnyang'anyi, na nchi hubaki bila mlinzi.