Bidii ya wafanyakazi huanzia kwenye mkataba, si kaulimbiu

BIASHARA ndogo zinazojali mazingira, kama vile vitalu vya miche na utengenezaji wa mboji, si jambo geni katika eneo la Kwanza na viunga vya Kitale. Shirika la Vi Agroforestry kutoka Uswidi lilianza kazi ya kupanda miti Pokot Magharibi mnamo 1983, na mwaka uliofuata kituo cha Manor House kikaanzishwa karibu na Kitale kufunza kilimo kinachohifadhi udongo.

Ni rahisi kwa mwenye biashara ya aina hii kudhani kwamba lengo jema linatosha kuwatia wafanyakazi ari. Sivyo. Anayemwagilia miche hufurahia kuona mti ukistawi, lakini pia ana karo ya kulipa.

Chukua mfano wa kitalu cha miche. Wateja humiminika mvua ya masika inapoanza, ilhali Januari na Februari mauzo hupungua. Hata hivyo, ni katika kiangazi hicho ambapo miche huhitaji maji bila kukosa. Mwajiri anayewaachisha kazi vibarua wakati huo ili kupunguza gharama hupoteza mikono iliyozoea kupandikiza maparachichi, na msimu ukifika hulazimika kuwafunza wageni.

Kwa hivyo, hatua ya kwanza ni usalama wa kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja kwa jumla, hahesabiwi tena kuwa wa kutwa, bali wa kulipwa kwa mwezi. Aliyehudumu miezi 12 mfululizo anastahili likizo ya angalau siku 21 za kazi, akilipwa mshahara kamili. Haki hizi hazimsazi mwenye wafanyakazi watatu tu.

Hatua ya pili ni kuwasikiliza. Anayejaza udongo kwenye vifuko ndiye wa kwanza kugundua kwamba unatuamisha maji. Kikao kifupi cha kila wiki kinatosha, mradi kila pendekezo lijibiwe: limekubaliwa, au limekataliwa kwa sababu gani.

Tatu, hesabu ziwe wazi. Wafanyakazi waelezwe ni miche mingapi iliyooteshwa, iliyokufa na iliyouzwa. Chanda chema huvikwa pete. Iwapo kuna bonasi kwa miche iliyonusurika, kanuni yake itangazwe kabla ya msimu, isije ikaonekana kuwa hisani ya tajiri.

Nne, maneno yaafikiane na matendo. Biashara inayohubiri uhifadhi wa udongo huku mfanyakazi wake akinyunyiza dawa bila glavu wala barakoa haiwezi kuaminiwa naye. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inalazimu kamati ya usalama panapo wafanyakazi 20 au zaidi, lakini hata wenye wachache wanaweza kumteua mmoja wao kusimamia suala hilo.

Kupima mafanikio hakuhitaji mtaalamu. Mwajiri ahesabu ni wangapi waliosalia tangu msimu uliopita, ni siku ngapi watu walikosa kufika kazini, na ni mapendekezo mangapi yaliyotekelezwa. Wanaobaki mwaka hadi mwaka ndio watakaokiokoa kitalu kiangazi kikizidi.