Mafunzo ya mbwa

Mafunzo ya mbwa ni kumzoesha mbwa wa kufugwa kutii amri, k.m. "kaa", "njoo" au "acha", na kuacha tabia mbaya kama kuuma watu.

Msingi wake ni kwamba mnyama hurudia tendo lililomletea faida, kanuni iliyochunguzwa na Mmarekani Edward Thorndike kwa majaribio ya paka mwaka 1898. Mbwa akitii hupewa papo hapo kipande cha nyama au sifa. Zawadi ikichelewa, haihusishi na tendo lake.

Adhabu ina shida hiyohiyo. Mbwa anayechapwa jioni kwa kiatu alichokitafuna asubuhi haelewi kosa. Wengi husema anaonekana kujuta, lakini mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alionyesha kwamba sura hiyo hutokana na kukaripiwa, hata pasipo kosa. Anayeitwa kisha akapigwa hujifunza kutokuja. Kipigo pia huzaa woga, na mbwa mwoga huuma upesi.

Mtoto wa mbwa huzoea watu kwa urahisi zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi. Mbwa wa ulinzi anayefungiwa bandani mchana kutwa tangu udogoni hukosa mazoea hayo, na akifunguliwa huweza kumshambulia hata mtoto wa jirani.