Divai ya Altareni na Mkulima wa Dodoma



Kila inaposomwa Injili ya arusi ya Kana, padre anayehudumu huku Kisarawe aweza kutarajia maswali mawili nje ya kanisa. La kwanza ni la utani: je, kama arusi ile ingefanyika Maneromango, maji yale yangegeuka tembo la mnazi? La pili si la utani hata kidogo: kwa nini altareni pawe na kinywaji cha Wazungu, ilhali sisi tuna vya kwetu? Hili la pili lastahili kujibiwa kwa historia, maana limebeba dhana ambayo imekwisha kupitwa na wakati.

Sheria yenyewe ni fupi. Kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa yadai kwamba divai iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, wala isiwe imeharibika. Hati ya Redemptionis Sacramentum ya mwaka 2004 ilikariri hayo hayo. Walikuwako wanateolojia wa Afrika, Jean-Marc Ela wa Kameruni akiwa mmojawapo, waliohoji kwa uchungu kwa nini jasho la mkulima wa Kiafrika lisifike mezani pa Bwana. Kanisa limebaki na kile alichokitwaa Kristo mwenyewe kwenye Karamu ya Mwisho. Nami nasimama hapo, ingawa kamwe sikuliona swali la Ela kuwa la kipuuzi.

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na Wabenediktini walipofika hapa jirani Pugu mwaka 1888, ng'ambo ndiko kulikokuwa nyumbani kwa divai. Hao Wabenediktini walikuwa Wajerumani, lakini Kanuni yao iliandikwa Italia, na sura yake ya 40 humruhusu mtawa hemina moja ya divai kwa siku, kipimo ambacho wengi hukikadiria kuwa kama robo lita. Mtakatifu Benedikto hakuwa mlevi, wala hakuwa akiwaandalia watawa anasa. Katika vijiji vya Italia divai huhesabiwa pamoja na mkate na mafuta ya zeituni: hukaa mezani, hunywewa pamoja na chakula, na mazungumzo huwa marefu kuliko kinywaji.

Mazoea hayo ndiyo waliyotoka nayo mapadre Wapasionisti wa Italia waliotumwa Dodoma. Mnamo mwaka 1957, wakati Dodoma ikiwa chini ya Askofu Mpasionisti, Anthony Jeremiah Pesce, wamisionari hao walipanda mizabibu katika misheni ya Bihawana. Hawakuja kufungua biashara. Walihitaji divai ya Misa, na nadhani walikuwa pia na hamu ya kuona mche wa kwao ukichipua ugenini, kama vile mtu wa Kisarawe aliyehamia bara atakavyotafuta mahali pa kupanda mnazi.

Ugenini huko mche ulibadilika tabia. Italia mzabibu hulala wakati wa baridi na kuvunwa mara moja tu kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima huupogoa, nao huchipua upya, na baada ya miezi kama minne vichala huwa tayari. Kwa hiyo aweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya masika husumbuliwa na ukungu, bali yale ya kiangazi, mnamo Agosti na Septemba, huwa matamu zaidi. Wagogo waliozoea uwele na mtama waliuchukua mzabibu ukawa zao lao. Serikali ilianzisha kituo cha utafiti Makutupora na kiwanda cha DOWICO, ambacho baadaye kilikufa. Miaka ya 2000 Mwitaliano mwingine, safari hii mwekezaji, alijenga kiwanda cha CETAWICO kule Hombolo.

Basi kinywaji hicho si cha Wazungu tena. Ni cha mama wa Hombolo mwenye shamba dogo na deni la dawa. Na shida yake ni hii: zabibu haisubiri. Mahindi utayaweka ghalani hadi bei ipande; zabibu ikiiva, zimebaki siku chache tu. Mnunuzi anajua hivyo, naye hukaa kimya. Mwaka ambao viwanda havinunui, matunda huozea shambani au hukamuliwa yakawa mchuzi wa zabibu, kisha mkulima huzunguka akitafuta wa kuununua, huku baadhi ya watengenezaji wakiagiza mchuzi mzito kutoka nje. Sheria ya ushuru hutoza kidogo divai yenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini. Hilo ni jema, ila halijamaliza kilio.

Mgema wetu wa Kisarawe angemwelewa mkulima huyo mara moja. Tembo la asubuhi ni tamu, la jioni ni kali, la kesho ni siki. Uraka wa mabibo nao hauna subira. Sisemi hayo ili kuwahimiza watu kunywa. Majirani zetu wengi ni Waislamu wasiokunywa, nao wastahili heshima yetu, na walevi tunao wa kutosha wanaokunywa tumbo likiwa tupu hadi mshahara uishe. Pale Bihawana glasi ilifuata sahani.

Kwa wanaonunua divai kwa ajili ya arusi na jubilei, neno moja la manufaa: chupa kuandikwa kwamba imetengenezwa Tanzania hakusemi zabibu zimetoka wapi. Someni karatasi yote, na ikiwa haisemi, mwulizeni mwenye duka.