Nani Aimbe Wimbo wa Reli?

Filamu ya Mel Brooks iitwayo Blazing Saddles, iliyotolewa mwaka 1974, yaanza na jua kali na wimbo. Vibarua Weusi na Wachina wanatandika reli jangwani. Wasimamizi Wazungu wanawataka Weusi waimbe wimbo wa utumwani, kama ulivyo mzaha wao. Ndipo Bart, aliyeigizwa na Cleavon Little, anapopaza sauti nyororo kwa utungo wa Cole Porter wa mwaka 1934, wimbo wa kumbi za starehe, na wenzake wanamwitikia kwa sauti zilizopangika. Wasimamizi wanabaki vinywa wazi. Wanautaja wimbo wa Camptown Races. Vibarua wanajifanya hawaujui. Mwisho wasimamizi wenyewe wanauimba na kuucheza, miguu juu, vumbi likitimka.

Acheke zaidi ajuaye asili ya wimbo huo. Stephen Foster aliutoa mwaka 1850, nao ulivuma katika maonyesho ambamo Wazungu walijipaka masizi nyuso zao wakawaigiza Weusi. Brooks na watunzi wenziwe, akiwamo Richard Pryor, hawakufanya ila kuwarudishia wenyewe mali yao. Pryor ndiye Brooks aliyemtaka awe Bart, studio ikakataa.

Kisha Bart anafanywa mlinzi wa sheria wa mji, na wakazi wanastaajabu. Historia isingestaajabu. Bass Reeves, aliyezaliwa utumwani mwaka 1838, alishika kazi ya namna hiyo tangu 1875, na wanahistoria wengi hukadiria kuwa kauboi mmoja katika kila wanne hivi alikuwa Mweusi. Hollywood iliwafuta. Katika miaka ya 1930 Herb Jeffries aliimba juu ya farasi katika filamu za waigizaji Weusi watupu, zilizokusudiwa majumba ya sinema ya Weusi.

Cat Ballou ya mwaka 1965 ilimpa Nat King Cole nafasi ya malenga. Yeye na Stubby Kaye wanapita na ala zao wakisimulia kisa kwa nyimbo, nao wahusika ni kana kwamba hawawaoni. Ni cheo kizuri, lakini ni cha pembeni: mwimbaji ajua yote, wala hatendi lolote. Cole alifariki Februari ya mwaka huohuo, filamu ikiwa bado haijatoka.

Wenyeji wa asili wa Marekani ndio waliopunjwa zaidi. Katika The Paleface ya 1948 wao ni shabaha ya mzaha wa Bob Hope, na mmoja wa walioonekana humo, Iron Eyes Cody, alikuwa mtoto wa wazazi wa Kiitaliano aliyejidai kuwa mwenyeji. Brooks aliufichua mchezo huo kwa kujivika mwenyewe manyoya ya chifu na kusema Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Kichekesho ni kikali. Hata hivyo kiti cha chifu kilikaliwa tena na mgeni.

Miaka minne kabla, katika Little Big Man ya 1970, kiti hicho alikalia mwenyewe. Chief Dan George, mwenyeji wa asili kutoka Kanada, aliigiza mzee wa Kicheyenne anayepanda mlimani kufa. Analala chali, anafumba macho. Mvua inamdondokea usoni. Anauliza kama bado yumo duniani. Akiambiwa ndiyo, anaguna, anainuka, anashuka kwenda kula.