Projekta ya kwanza ya nyumbani: mwongozo wa mnunuzi wa Dzaleka na Lilongwe

DZALEKA, Malawi – Boksi limeandikwa lumeni 9,000. Limeandikwa pia 1080p, na bei yake haifiki theluthi ya bei ya projekta ya ofisi iliyo kwenye rafu ya jirani. Kwa familia au kikundi cha akiba kilichochanga fedha kwa miezi kadhaa ili kiangalie mpira na filamu kwenye picha kubwa, boksi hilo ndilo linaloonekana rahisi. Mara nyingi ndilo linalokuja kuwa ghali.

Mwongozo huu unaeleza namba zipi zina maana, zipi ni pambo la boksi, na mambo ya kupima dukani kabla ya kutoa fedha.

Kwa nini kosa ni ghali zaidi Dzaleka

Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, iko takriban kilomita 45 kaskazini mwa Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ikikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo ina watu zaidi ya 50,000, wengi wao wakitoka Kongo, Burundi na Rwanda.

Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka masharti yake kuhusu ajira, mali na uhuru wa kutembea. Mwezi Machi 2023 serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, na mwezi Mei polisi walianza msako mjini Lilongwe. Wengi waliacha maduka yao.

Kwa mnunuzi maana yake ni moja. Mkazi wa Lilongwe akiuziwa projekta mbovu hurudi dukani kesho yake. Mkazi wa Dzaleka anahitaji kibali cha kutoka, nauli ya kwenda na kurudi, na siku nzima ya kazi. Garantii ya miezi 6 haina faida kubwa kwa mtu asiyeweza kuifuata. Kwa hiyo ukaguzi wote ufanyike kabla ya kulipa.

Lumeni: namba ya kwanza ya kutiliwa shaka

Lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye projekta. Kipimo cha kuaminika ni kile kinachofuata utaratibu wa ANSI au ISO 21118, ambapo mwanga hupimwa sehemu kadhaa za picha na kutolewa wastani. Boksi likisema "lumeni 9,000" bila kutaja utaratibu wowote, namba hiyo haimbani mtu. Projekta nyingi ndogo za LED zenye maandishi ya aina hiyo hutoa lumeni za ANSI 100 hadi 300 tu. Jambo hili limefika hata mahakamani: kampuni ya Epson imefungua kesi kadhaa nchini Marekani dhidi ya wauzaji inaodai wanatia chumvi kwenye lumeni.

Kiasi kinachotosha kinategemea ukubwa wa picha. Ili kupata mwanga kama wa ukumbi wa sinema ndani ya chumba chenye giza kamili:

- Picha ya inchi 60 (mita 1.33 kwa 0.75) inahitaji lumeni za ANSI 150 hivi.
- Picha ya inchi 100 (mita 2.21 kwa 1.25) inahitaji lumeni za ANSI 420 hivi.

Kwa maneno mengine, projekta ya lumeni 200 si mbovu. Ni projekta ya inchi 60, usiku, madirisha yakiwa yamefunikwa. Ikilazimishwa kutoa inchi 100, picha hufifia. Mchana, chumba kikiingiwa na mwanga, hata lumeni 1,000 hazitoshi.

Hivyo kaya inayotaka kuangalia taarifa ya habari saa saba mchana inunue televisheni ya inchi 32. Itatumia umeme kidogo na itaonekana muda wote. Projekta ni chombo cha usiku.

Pikseli: "inapokea" si sawa na "inaonyesha"

Maandishi "1080p supported" yana maana kwamba projekta inapokea picha ya kiwango hicho na kuipunguza ili iingie kwenye kioo chake kidogo cha ndani. Neno la kutafuta ni Native, yaani pikseli za kioo chenyewe:

- 800 x 480: maandishi madogo na matokeo ya mpira hayasomeki vizuri. Ni bora kuiepuka.
- 1280 x 720: inatosha kwa inchi 60 hadi 80.
- 1920 x 1080: inafaa sinema ya nyumbani.

Projekta za ofisi za bei ya chini, kama Epson EB-E01, zina pikseli 1024 x 768. Picha yake ina umbo linalokaribia mraba, na filamu ya umbo pana huachwa na mistari meusi juu na chini. Hata hivyo mwanga wake ni wa kweli, lumeni 3,300, na kwa kibanda chenye watu wengi mwanga huo ni muhimu kuliko pikseli.

Pima chumba kwanza

Kila projekta ina uwiano wa umbali, yaani umbali hadi ukutani ukigawanywa kwa upana wa picha. Uwiano wa 1.4 ni wa kawaida. Kwa uwiano huo, picha ya inchi 100 inahitaji mita 3.1 na ya inchi 60 inahitaji mita 1.9. Chumba cha mita 3 hakitatoa inchi 100, hata muuzaji aape vipi. Mnunuzi apime chumba kwa futi ya kamba, aandike namba, aende nayo dukani.

Aidha, projekta ikiwekwa upande picha hupinda. Programu ya kuinyoosha ipo, lakini hukata pikseli na kupunguza ukali. Ni afadhali kuitengenezea kibao na kuiweka katikati.

Umeme: hesabu inayoamua aina ya kununua

Katika nyumba zenye umeme wa ESCOM, kukatika kwa umeme ni jambo la kawaida. Mwezi Januari 2022 kimbunga Ana kiliharibu kituo cha Kapichira kwenye mto Shire na kuondoa megawati 130 hivi kwenye gridi. Nyumba nyingine hutegemea sola na betri.

Betri ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200. Betri ya asidi isitumiwe zaidi ya nusu ili idumu, na inveta nayo hupoteza kiasi. Zinabaki wati-saa 500 hivi.

- Projekta ya LED ya wati 70 pamoja na spika ya wati 20: zaidi ya saa 5.
- Projekta ya taa ya wati 280 pamoja na spika hiyo hiyo: saa 1 na dakika 40. Filamu nyingi hazitamalizika.

Kuna tofauti nyingine. Projekta ya taa ikizimika ghafla, feni husimama wakati taa bado ina moto mkali, na kila tukio la namna hiyo hupunguza umri wa taa. LED huvumilia zaidi. Kwa nyumba ya Dzaleka, LED yenye lumeni za kweli ndiyo chaguo la kwanza. Projekta ya taa inafaa kwa mwenye umeme wa uhakika au jenereta.

Mtumba wa ofisi

Projekta zilizotumika za Epson, BenQ, Acer na nyinginezo huuzwa kwa bei ya kuvutia. Jambo la kwanza ni kufungua menyu na kusoma saa za taa. Taa nyingi hudumu saa 3,000 hadi 6,000 kwa matumizi ya kawaida. Taa mpya inaweza kugharimu nusu ya bei ya projekta yenyewe, au zaidi. Projekta isiyo na rimoti iepukwe, kwa kuwa mara nyingi menyu yote haifunguki kwa vitufe vyake.

Kuagiza kutoka nje ya mpaka

Bei ya Kariakoo, Dar es Salaam, inaweza kuwa ya chini kuliko ya Lilongwe. Lakini njia ya Mbeya na mpaka wa Kasumulu na Songwe ina zaidi ya kilomita 1,500, na mizigo haina huruma kwa lenzi.

Kuhusu forodha, mambo matatu yafahamike. Kwanza, utaratibu rahisi wa COMESA kwa wafanyabiashara wadogo ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Projekta iliyotengenezwa China haimo. Tanzania nayo ilijitoa COMESA mwaka 2000. Pili, kodi iliyolipwa Tanzania haiondoi kodi ya Malawi. Tatu, kwenye orodha ya forodha projekta ziko chini ya kifungu 8528: namba 8528.62 ni ya zile zilizoundwa kutumika na kompyuta, na 8528.69 ni ya nyinginezo. Kiwango kiulizwe kwa Mamlaka ya Mapato ya Malawi (MRA) kabla ya kutuma fedha.

Sarafu nayo ihesabiwe. Mwezi Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha, kutoka takriban 1,180 kwa dola hadi 1,700. Projekta ya dola 120 iliruka kutoka kwacha 141,600 hadi 204,000 kwa kiwango rasmi, na wauzaji wengi hupanga bei kwa kiwango cha mitaani kilicho juu zaidi. Kikundi kinachochanga polepole kisiweke bei ya mwezi uliopita kama lengo.

Jaribio la dakika 20 dukani

Mnunuzi aende na flashi yenye filamu anazozijua, zikiwemo zilizotiwa sauti ya Kiswahili, na waya wake wa HDMI. Aombe chumba cha nyuma chenye giza. Muuzaji anayekataa kuwasha projekta amekwisha kujibu swali.

1. Asome kibandiko cha nyuma: volti 100-240 na idadi ya wati.
2. Aonyeshe picha nyeupe tupu. Nukta nyeupe au nyeusi zisizohama, doa la njano au kivuli cha vumbi ni sababu ya kuikataa.
3. Aonyeshe maandishi madogo na kuangalia kona zote nne. Katikati ikiwa kali na kona zikiwa na ukungu, lenzi ni dhaifu.
4. Acheze filamu zake kutoka kwenye flashi. Baadhi ya projekta huonyesha picha bila kutoa sauti.
5. Aunganishe king'amuzi au kompyuta kwa HDMI.
6. Aiache iwake dakika 15 bila kuzimwa, asikilize feni na kunusa kama kuna harufu ya kuungua.
7. Adai risiti yenye namba ya bidhaa na siku za kurudisha zilizoandikwa, si za mdomo.

Kwa wenye vibanda

Anayetoza kiingilio hatumii tena projekta ya nyumbani. Kuonyesha kazi za wengine hadharani kunahitaji leseni ya Copyright Society of Malawi (COSOMA), na malipo ya king'amuzi cha nyumbani hayatoi haki hiyo. Gharama hizo ziingie kwenye hesabu pamoja na betri, spika na taa ya akiba kabla ya kupanga kiingilio.

Kwa ufupi

Chumba cha mita 3 na betri moja: LED, Native 1280 x 720 au zaidi, lumeni za ANSI 200, picha ya inchi 60. Kibanda chenye umeme wa uhakika: mtumba wa ofisi wenye saa chache za taa. Matumizi ya mchana: televisheni. Na fedha ikipungua kidogo, ni heri kusubiri mwezi mmoja kuliko kubeba hadi Dzaleka boksi ambalo halijawashwa.