REDIO CALL ZA ARUSHA: Waya Mmoja, Mlima Mmoja na Watu Ambao Hakuna Anayewajua kwa Majina

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi pale Arusha, magari ya utalii yanaanza kutoka mjini kuelekea Kisongo na Makuyuni. Land Cruiser ndefu, paa la kufunguka, mkonga pembeni, keria juu. Nyuma yake pikapu imebeba mahema, majiko na wapishi. Watu wanapiga picha, wanaweka status. Hakuna anayeuliza ule waya uliosimama kwenye ngao ya mbele una kazi gani.

Ule waya ni antena ya redio call, wengine wanaiita redio ya upepo. Historia yake inapita kwa madereva wa malori wa Marekani, kwa madaktari wa ndege, kwenye mpaka uliofungwa, na kwenye mlima wa mita 4,566 ambao haujawahi kumuonea fundi huruma. Na watu walioibeba historia hiyo hawana sanamu wala barabara iliyopewa majina yao. Ni madereva, ni mafundi, ni dada wa ofisini aliyekaa kwenye maiki kutwa nzima. Twende taratibu.

MALORI NDIYO YALIANZA KELELE

Mwaka 1958 Marekani iliruhusu raia wa kawaida kutumia redio za kuongea kwenye masafa ya megahezi 27. Zikaitwa CB. Mwanzoni zilikuwa na chaneli 23 tu, na walizitumia zaidi wenye biashara ndogo na wakulima.

Mambo yakabadilika mwaka 1973. Mafuta yalipanda bei dunia nzima, Marekani ikashusha mwendo wa barabarani mpaka maili 55 kwa saa, kama kilomita 88 hivi. Dereva wa lori analipwa kwa umbali, sasa unamwambia atambae! Jamaa wakafunga CB kwenye malori, wakawa wanaambiana mafuta yapo wapi na polisi wamejificha wapi. Polisi wakaitwa "dubu". Kila dereva akajipa jina la hewani ili asijulikane. Mpaka mke wa Rais wa wakati huo alikuwa na jina lake la hewani. Mwaka 1977 chaneli zikaongezwa zikafika 40.

Mtanzania yeyote anaielewa hiyo roho. Ni ileile ya dereva wa huku anayekupiga taa ukiwa unakuja upande wa pili, kukujulisha trafiki wapo mbele. Hamjuani, hamtaonana tena, ila umemsikia.

HUKU KWETU ILIANZA KWA MGONJWA

Afrika Mashariki redio haikuanza na mbwembwe za barabarani. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji walianzisha huduma ya madaktari wa ndege, ambayo leo inajulikana kama AMREF, makao yake Nairobi. Ndege peke yake haikutosha. Mgonjwa yuko hospitali ya misheni katikati ya pori, simu hakuna, barabara mbovu. Nani atajua anakufa?

Jibu likawa redio za HF. Hizi mawimbi yake yanapanda angani, yanagonga tabaka la juu na kurudi chini mamia ya kilomita mbele. Muuguzi anabonyeza, anaongea, Nairobi wanasikia, ndege inaruka.

Kwa hiyo redio ilifika kwenye mapori yetu ikiwa na kazi moja nzito, nayo ni kuomba msaada. Michongo mingine ilikuja baadaye.

MPAKA ULIPOFUNGWA, ARUSHA IKALAZIMIKA KUSIMAMA

Zamani watalii wengi wa Serengeti na Ngorongoro walikuwa wanaingilia Nairobi. Magari ya Kenya, madereva wa Kenya, wanashuka Namanga, wanazunguka, wanarudi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na Tanzania ikafunga mpaka. Magari ya utalii ya Kenya yaliyokuwa upande huu yakazuiliwa. Mpaka ulikaa hivyo mpaka 1983.

Miaka hiyo ilikuwa migumu, mafuta shida, spea shida. Lakini biashara ilipoanza kufunguliwa miaka ya katikati ya 80, kampuni za Arusha zikaanza kuota. Na kampuni yenye magari matano porini ina swali moja kila jioni: magari yangu yako wapi? Seronera iko kama kilomita 300 kutoka mjini. Simu za mkononi Tanzania zilianza mwaka 1994, na hata hapo zilikuwa za wenye pesa wa Dar. Porini ilikuwa redio au kimya.

Miaka hiyo hiyo ya 90 Arusha ikapokea mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Magari meupe ya mashirika yenye antena ndefu mbele yakawa jambo la kawaida barabarani.

MLIMA MERU HAUNA MSHKAJI

Sasa hapa ndipo pana utamu. Magari ya Arusha hayakujijenga kwenye CB. Yalijijenga kwenye njia mbili, HF na VHF. HF ni ya mbali, ila sauti inakoroma, na masafa yanayofanya kazi mchana usiku yanaweza kukataa. VHF ni safi kama mtu yuko pembeni yako, ila inasafiri kwa kunyooka. Kikiwepo kitu kikubwa katikati, imekula kwako.

Na Arusha kitu kikubwa kipo. Jiji limekaa miguuni mwa Mlima Meru upande wa kusini. Gari likienda Kisongo halina tatizo, uwanja uko wazi. Likizunguka barabara ya Namanga, likapita Oldonyo Sambu kuelekea Longido, mlima unaanza kuingia katikati yake na ofisi. Sauti inakatika, inakuwa vipande, inazimika. Likienda Momella upande wa mashariki, ndani ya Hifadhi ya Arusha, hadithi ni hiyo hiyo.

Ngorongoro nayo ina vituko vyake. Ndani ya bonde magari yanasikilizana vizuri kabisa, maana chini ni tambarare. Lakini kuta zake zina urefu wa kama mita 600 kuzunguka pande zote. Kuongea na mtu wa nje kwa VHF ukiwa chini mle ni sawa na kuongea ukiwa ndani ya sufuria.

Dawa yake ni ripita, mtambo unaowekwa mahali pa juu, unapokea sauti dhaifu na kuirusha upya. Mtambo huo lazima mtu aupandie, abadilishe betri, afukuze panya wanaotafuna nyaya. Huyo mtu hayupo kwenye picha yoyote ya safari.

KAZI YA FUNDI: SENTIMITA MOJA INAKUCHEKA

Wengi wanadhani redio nzuri ni boksi la bei mbaya. Fundi wa kweli anaanza na antena.

Siri iko kwenye hesabu. Chukua 300, gawa kwa megahezi, unapata urefu wa wimbi kwa mita. CB ya megahezi 27 wimbi lake ni kama mita 11. Antena ya robo wimbi inakaribia mita 2.7, ndiyo maana zile za malori ya Marekani ni ndefu zinayumba. VHF ya megahezi 150 wimbi ni mita 2, robo yake nusu mita tu. HF ya megahezi 5 wimbi ni mita 60, na robo yake mita 15. Hakuna pikapu inayobeba mlingoti wa mita 15, kwa hiyo waya unasokotwa kwenye koili ili antena fupi ijifanye ndefu.

Akiingia kwenye pikapu, fundi anavuta umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, hadandii waya wa redio ya muziki. Anaweka fyuzi karibu na betri, maana waya ukichubuka kwenye bodi unaweza kuunguza gari. Kisha anakwangua rangi mpaka aone chuma kinang'aa pale antena inapofungwa. Bodi la gari ni nusu ya pili ya antena. Ethi ikiwa mbovu, umefunga fimbo ya kuanikia nguo.

Baada ya hapo ndipo inakuja kutyuni. Gari linapelekwa uwanjani, mbali na majengo na nyaya za umeme, milango imefungwa. Mita ya SWR inawekwa katikati ya redio na antena. Ikisoma 1.5 kushuka chini, poa. Ikifika 3, robo ya nguvu yote inarudi nyuma ndani ya redio, na redio inaweza kuungua. Kwa CB anapima chaneli ya 1 na ya 40. Ya 40 ikiwa mbaya zaidi, antena ni ndefu, anakata kidogo. Ya 1 ikiwa mbaya zaidi, ni fupi. Ukikata sana umeharibu, chuma hakiotagi. Ndo maana fundi mzoefu anakata milimita, anapima, anakata tena, huku bosi anapiga kelele kwamba wageni wanasubiri.

Na hapo ndipo lilipo jambo zito. Antena mbovu haikuambii kama ni mbovu. Mjini utaongea vizuri tu, maana ofisi iko kilomita mbili. Itakuumbua mwezi wa tatu, kule Ndutu, gari limezama kwenye tope jeusi, mgeni ameshika kifua, jua linazama. Dereva anabonyeza, anaita, anaachia, anasikiliza. Zile milimita ambazo fundi alizivumilia au alizikimbia miezi sita nyuma ndizo zinazojibu.

SHARUBU YUKO WAPI?

Ila redio haikubaki kwenye dharura. Madereva wakaanza kupeana habari za wanyama, na kwa sababu wageni wameshajua neno "simba", wakaanza mafumbo. Simba akawa "sharubu". Chui akawa "madoadoa". Mgeni amekaa nyuma hajui kitu, dereva anageuza gari taratibu, dakika kumi baadaye simba huyu hapa. Bakshishi imenona.

Hiyo ina upande wa pili. Neno moja hewani, na mti mmoja wa chui pale Seronera unazungukwa na magari kibao, injini zinanguruma, mnyama anashindwa kuwinda. Redio iliyokuja kuokoa watu ikawa inamkosesha chui chakula. Kuna madereva wa zamani wanaosifika kwa kumuona mnyama wakakaa kimya mpaka aliyetangulia aondoke. Nao hawajulikani kwa majina.

SIMU IMEUA REDIO?

Siku hizi kuna magrupu ya WhatsApp, kuna simu za setilaiti, na minara imeongezeka. Redio zenyewe zina utaratibu, masafa yanahitaji kibali cha TCRA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Usinunue mtandaoni ukajifungia tu.

Lakini redio bado ipo kwenye magari, na sababu ni nyepesi. Simu unampigia mtu mmoja, na asipopokea imeisha. Redio unawaita wote. Anayekusikia anaweza kuwa dereva wa kampuni pinzani, hajawahi kukuona, hajui jina lako, na bado atageuza gari.

Kwa hiyo siku ukiona Cruiser inapita Kisongo na ule waya unapepea mbele, jua kuna mtu aliukata kwa subira, na kuna mwingine mahali fulani amewasha redio anasikiliza.

Mdau, kama mzee wako au jirani yako aliendesha gari la safari enzi hizo, alikuwa anaitwaje hewani? Tupia hapo kwenye komenti, angalau hayo majina yabaki.